Nani Awafundishe Wasanifu wa Picha?

Kuna shauri ambalo watu wa vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki wanalijadili, nalo watu wa vijijini hawalijui, ingawa matokeo yake huwafikia wao kabla ya mtu mwingine ye yote. Shauri lenyewe ni hili: wale wanaosomea shahada ya pili ya usanifu wa picha, yaani ufundi wa kuwapasha watu habari kwa michoro, herufi na rangi, wafundishwe na nani? Wako wasemao kwamba msanifu na afundishwe na wasanifu peke yao, kama vile mwashi afundishwavyo na waashi, na kwamba mtu wa kazi nyingine akiingia katika darasa hilo huleta vurugu tu. Sisi twalikataa neno hilo. Twasema kwamba darasa la namna hiyo lisilo na mganga, na bwana shamba, na mwalimu wa lugha, na mchunguzi wa desturi, na mpiga chapa, ni darasa pungufu. Na upungufu wake hulipwa na watu wasioujua mlango wa chuo hicho.

Labda msomaji wa Chita au wa Mngeta ataguna, aseme, “Mambo ya shahada ya pili yatuhusu nini sisi wakulima wa mpunga?” Basi na atazame ukutani. Katika zahanati kuna picha ya mama mjamzito, na picha ya mbu, na picha ya mikono inayonawa. Katika duka la pembejeo kuna chupa za dawa za magugu, kila moja ina mstari wa rangi na alama ndogo ndogo. Pakiti ya dawa ya homa ina jua na mwezi. Mfuko wa mbolea una mchoro, na mfuko wa mbegu una mchoro. Zamani habari ya serikali ilifika kijijini kwa kinywa cha tarishi, na mtu asiyeelewa aliweza kumwuliza tena. Picha haiulizwi. Ikisema vibaya, yaendelea kusema vibaya usiku na mchana mpaka karatasi iharibike. Na nyuma ya kila picha yuko mtu aliyeichora, na nyuma ya mtu huyo wako waliomfundisha.

Tutatoa mifano michache, tena mifano ya bonde hili letu la Kilombero, ili asiwepo wa kusema kwamba twapigana na kivuli.

Mfano wa kwanza ni dungu. Kila mtu wa huku ajua kwamba mvua zikianza, watu wengi wa bondeni huacha nyumba zao za kijijini, wakahamia mashambani miezi kadhaa kulinda mpunga na ndege na nguruwe. Huko hulala katika vibanda, au juu ya dungu lililoinuliwa kwa miti, maji yakiwa chini. Miezi hiyo ndiyo miezi ya mbu. Sasa tazama picha za chandarua zinazoletwa kwetu kutoka mijini: kitanda cha miguu minne, godoro, ukuta wa saruji, dari ya mbao, na chandarua kimefungwa darini kwa misumari minne. Twaiona picha imechorwa vizuri. Mistari yake imenyoka, na rangi zake zapendeza. Lakini yamfundisha nini mtu alalaye juu ya mkeka katika dungu lisilo na dari wala ukuta? Yamwambia kwamba chandarua ni kitu cha nyumba ya saruji. Basi hukiacha kijijini, akaenda shambani bila hicho. Mchoraji hakukosa katika uchoraji. Alikosa kwa sababu katika miaka yake yote ya chuo hakuna aliyemweleza jinsi mkulima wa mpunga anavyoishi mwezi wa Machi. Bwana shamba angalimweleza kwa dakika tano.

Mfano wa pili ni dawa mseto ya malaria, ambayo nchi yetu iliikubali mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo. Hesabu yake ni vipimo sita kwa siku tatu. Kipimo cha pili hufuata muda wa saa nane baada ya kile cha kwanza. Kisha ni asubuhi na jioni. Mtu achukuaye kalamu akachora jua na mwezi, jua na mwezi, jua na mwezi, adhani amekwisha kazi. Lakini mama aliyefika zahanati kwa miguu, mtoto akapewa kipimo cha kwanza saa kumi ya jioni, kipimo cha pili ni saa sita ya usiku, wala si asubuhi. Jua na mwezi havimwambii hivyo. Tena mwandishi akijaribu kusaidia kwa maneno, akaandika “baada ya saa 8”, amezidisha fumbo. Kwa maana katika Kiswahili maneno hayo yaweza kuwa muda wa saa nane, tena yaweza kuwa ile saa nane ya mchana au ya usiku. Mganga hakuliona kosa hilo, kwa kuwa yeye aijua hesabu tayari. Mchoraji hakuliona, kwa kuwa alikuwa akitazama nafasi ya herufi katika karatasi. Mwalimu wa lugha angaliliona mara moja, lakini mwalimu wa lugha hakuitwa.

Mfano wa tatu ni rangi za chupa za sumu. Kwa kanuni zinazofuatwa katika nchi nyingi, mstari mwekundu waonyesha sumu kali kabisa, wa njano sumu ya kadiri, wa buluu sumu ndogo, na wa kijani ile ambayo haitazamiwi kudhuru ikitumiwa ipasavyo. Kanuni hiyo ni njema kwa aliyefundishwa. Lakini mkulima asiyefundishwa akiona kijani, kwa nini asidhani kwamba ni dawa ya majani mabichi? Na akiona njano, kwa nini asidhani kwamba ni dawa ya mpunga ulioiva? Rangi haina maana yake yenyewe iliyoandikwa mbinguni. Watu hupatana juu ya maana ya rangi, na wasiokuwapo katika mapatano hayo hawana budi kubahatisha. Hapa msanifu amhitaji mwalimu wa kwenda na kurudi kijijini, akiuliza, “Mzee, rangi hii yakuambia nini?” na kuandika jibu kama lilivyo.

Basi wapinzani wetu watasema kwamba hayo ni maneno ya kulalamika tu, na kwamba hakuna aliyeonyesha faida ya kuwachanganya wataalamu. Nasi twawajibu kwa jambo lililotendeka papa hapa.

Tangu mwaka 1997 vyandarua vilivyotiwa dawa viliuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, katika mpango uliojulikana kama KINET, ulioendeshwa na kituo cha utafiti cha Ifakara pamoja na wenzao wa Uswisi. Mpango huo haukuanza na kalamu ya mchoraji. Ulianza na masikio. Wachunguzi wa desturi waliwauliza watu wa bonde wanaitaje homa, wanaigawanyaje, wanaogopa nini. Wakakuta jambo kubwa: watu walijua vyema kwamba mbu huleta malaria, lakini wengi hawakuhesabu degedege ya watoto kuwa ni tawi la malaria. Walidhani ni ugonjwa mwingine wenye chanzo kingine na waganga wake wengine. Fikirini maana yake, wasomaji wetu. Kama tangazo lingalisema tu, “Jikinge na malaria,” mama ambaye hofu yake kubwa ni degedege angalilisoma, akalikubali, asione kwamba lamhusu mtoto wake. Hakuna uhodari wa rangi uwezao kuziba pengo la namna hiyo. Lazibwa na mtu aliyesikiliza, akarudi na neno, akalitia mezani mbele ya mganga na mwandishi na mchoraji.

Na matokeo yalikuwa nini? Kabla ya mpango, watoto wachanga waliolala katika vyandarua hawakufika 10 katika mia. Baada ya miaka mitatu walipita 50 katika mia. Hesabu zilizotolewa mwaka 2001 zilionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliandamana na ongezeko la 27 katika mia la kuokoka kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja mpaka miaka minne. Hatusemi kwamba picha na maneno ndiyo yaliyofanya yote hayo. Kitambaa na dawa ndivyo vilivyomzuia mbu, na maduka ya vijijini ndiyo yaliyovifikisha. Twasema kwamba chandarua hakijitundiki chenyewe. Lazima mtu ashawishiwe kutoa fedha yake ya mpunga akinunue, na ushawishi huo ulikuwa kazi ya watu wa taaluma nyingi waliokaa pamoja. Huko nyuma, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imekwisha kuonyesha jambo lile lile katika nchi nzima: watu wa elimu ya watu wazima, wa afya na wa redio waliunganisha vitabu vidogo, vipindi na vikundi vya kusikiliza, na watu kama milioni mbili wakashiriki.

Tena wasidhani kwamba twaleta uzushi mpya. Hata historia ya ufundi huu iko upande wetu.

Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na Bibi Margaret Trowell mwaka 1937, naye alianza na madarasa madogo barazani kwake. Mumewe, Dakta Hugh Trowell, alikuwa mganga wa Mulago, aliyejulikana kwa uchunguzi wake wa kwashiakoo, ule ugonjwa wa watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili. Hivyo sanaa na uganga vilikula sahani moja katika nyumba ile. Na Bibi huyo alipotaka kuandika juu ya kazi za mikono za watu wa Uganda, hakuandika peke yake. Kitabu kilichotoka mwaka 1953 alikiandika pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, kwa sababu ngoma na zeze ni kazi za mikono pia. Katika shule hiyo alisoma na kisha kufundisha Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika katika London, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo shule ile yaitwa kwa jina la Bibi Trowell, ina idara ya mawasiliano kwa picha, na imo katika koleji moja na wahandisi na wasanifu wa majengo. Ukuta kati yao umekwisha kubomolewa katika karatasi za utawala. Twataka ubomolewe na darasani, katika kila chuo.

Huko Ulaya nako ni vivi hivi. Mwaka 1925 Otto Neurath, mtu wa elimu ya uchumi na jamii, alianzisha makumbusho katika mji wa Vienna ili kuwaeleza wafanya kazi hesabu za nchi yao kwa picha. Kazi yao waliigawanya kwa hekima. Wataalamu walileta hesabu. Gerd Arntz, mchoraji, alichonga alama. Na kati yao alisimama Marie Reidemeister, aliyesomea hesabu na fizikia, ambaye kazi yake ilikuwa kuzigeuza habari za wataalamu kuwa mpango wa picha ambao mtu wa kawaida angeuelewa. Yeye hakuwa mtaalamu wa takwimu tu, wala mchoraji tu; alikuwa daraja. Baadaye, akiitwa Marie Neurath, alifanya kazi Nigeria ya Magharibi tangu mwaka 1954, akaona kwamba alama zilizofaa Vienna hazikufaa zote huko. Nyumba ilipaswa kuwa nyumba ya huko, na watu wavae mavazi ya huko. Kama mabingwa wale walilazimika kujifunza upya, je, kijana wetu aliyetoka chuoni jana asijifunze?

Sasa na tuyapime maneno ya wapinzani, maana si haki kumshinda mtu asiyesikilizwa.

Wasema kwanza, “Manahodha wengi, chombo huenda mrama.” Methali ni ya kweli, nasi twaiheshimu. Lakini yasema manahodha, haisemi mabaharia. Watu wa bonde hili wajua mtumbwi kuliko jahazi. Mbele husimama mwenye pondo, hupima kina na kusukuma. Nyuma hukaa mwenye kafi, huushika mwelekeo. Wakiwa wawili wenye pondo mbele, watagongana. Akiwa mmoja peke yake katika mto uliofurika, atazungushwa na maji. Chuo na kiwe na mkuu mmoja wa masomo, naye awe msanifu hodari, hilo hatulipingi. Twapinga mkuu huyo kuwa peke yake mtumbwini.

Wasema pili, “Mwanafunzi akifundishwa uganga kidogo, na kilimo kidogo, na lugha kidogo, hatakuwa fundi wa lo lote.” Neno hili lina uzito, na kama mambo yangekuwa hivyo tungenyamaza. Lakini hatutaki msanifu awe nusu mganga. Twataka ajue namna ya kukaa na mganga: amwulize vizuri, amkatalie inapobidi, ajue anapodanganywa na maneno makubwa. Ujuzi huo haupatikani kwa kusoma kitabu cha uganga. Hupatikana kwa kufundishwa katika chumba kimoja na walimu wawili, mganga na msanifu, ambao mbele ya wanafunzi wanabishana juu ya picha moja mpaka wapatane. Tena hapa twawalaumu hata baadhi ya wanaojiita wenzetu. Vyuo vingine huweka majina ya walimu wa taaluma nyingi katika orodha, kisha kila mwalimu huja kwa saa yake, husoma somo lake, huenda zake, asionane na mwenzake hata mwisho wa mwaka. Huo ni mchanganyiko wa mchele na choroko katika magunia mawili. Haujapikwa.

Wasema tatu, “Gharama ni kubwa.” Twauliza, gharama ya nani? Kumleta bwana shamba darasani kwa juma moja, na kumpeleka mwanafunzi kijijini kwa majuma manne ya masika, kuna gharama yake; hatukatai. Lakini kupiga chapa maelfu ya karatasi zisizoeleweka kuna gharama pia, ila gharama hiyo haiandikwi katika daftari la chuo. Huandikwa katika daftari la zahanati, katika safu ya watoto waliopewa dawa kwa kipimo kisicho sawa. Kwa kuwa daftari hizo mbili hazisomwi na mtu mmoja, chuo chadhani kimeokoa fedha.

Wasema nne, nalo hulisema kwa sauti ya chini, “Watu wa vijijini hawakusoma, watajuaje picha njema na mbaya?” Hilo ndilo twalolichukia kuliko yote. Mkulima wa Chita atazamapo mawingu juu ya milima ya Udzungwa ajua kama mto utapanda. Atazamapo nyayo katika matope ajua ni mnyama gani aliyepita, na lini. Mtu huyo asoma alama kila siku ya maisha yake, na akikosea hupoteza shamba. Kama haelewi alama ya karatasi, kosa na litafutwe katika karatasi kwanza.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne, nayo si makubwa. La kwanza, katika kila chuo kinachotoa shahada ya pili ya ufundi huu, walimu wa uganga, wa kilimo, wa lugha na wa desturi za watu wawe sehemu ya jamii ya walimu wake, wenye sauti katika kupanga masomo, wala wasiwe wageni wa kualikwa siku ya sherehe. La pili, masomo makubwa yafundishwe na walimu wawili wa taaluma mbili kwa pamoja. La tatu, mpiga chapa asisahauliwe, maana yeye ndiye ajuaye wino gani hufifia kwa jua na karatasi gani huoza katika unyevu wa bondeni. Picha iliyong'aa chuoni ikawa kivuli Chita baada ya masika moja haikumfaa mtu. La nne, mwanafunzi asipewe shahada kabla kazi yake haijatundikwa katika kijiji, na watu wa kijiji hicho wakaulizwa wameelewa nini; na jibu lao lihesabiwe katika maksi, na wao walipwe kwa siku yao ya kazi kama wanavyolipwa wakaguzi wengine wa mitihani.

Nanyi wasomaji wetu wa vijijini mna sehemu yenu. Mkiona picha ukutani msiyoielewa, msione haya. Mwulizeni mhudumu wa zahanati, au bwana shamba, au mwalimu wa shule, nao wapeleke neno hilo juu kwa barua. Aliyenyamaza mbele ya picha mbaya amesaidia kupigwa chapa kwa ile ya pili. Na ninyi wazazi wenye vijana hodari wa kuchora, msiwaambie kwamba kuchora ni mchezo. Wapelekeni shule, na wakifika juu, waulizeni swali moja tu: “Ni nani wengine wanaokufundisha, zaidi ya wachoraji?” Wakijibu kwamba hakuna, waambieni wakaulize kwa nini.

Masika ijayo watu watahamia tena mashambani, na vyandarua vingine vitabaki vimefungwa darini kama picha ilivyoagiza.